Mjomba, nijifunze urubani kwa nani pale Wilson?

Shikamoo Mjomba,

Nimechoka kuulizauliza watu wasiojua, ndiyo maana nakuandikia wewe. Mimi ni mfamasia, nina miaka 33, nafanya kazi katika duka la dawa Ngara. Nililelewa Nairobi West, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Wilson, na tangu utotoni nilikuwa naitambua ndege kwa mlio kabla sijaiona. Sina nia ya kuacha kazi niwe rubani wa shirika. Nataka leseni ya rubani binafsi, ile ya kuruka na watu wako bila kuwatoza pesa, na siku moja nimpeleke mama Kitale usukani ukiwa mikononi mwangu.

Nimekuwa nikiweka akiba kwenye sako tangu 2018. Mwezi huu imefika shilingi 1,150,000, na kila mwezi naongeza 30,000. Nimetembelea shule tatu, zote pale Wilson, na hakuna hata moja niliyotoka nikiwa na uhakika.

Ya kwanza inapendeza macho. Ofisi ina kiyoyozi, ndege nne zimepangwa nje, ndani zina skrini za kompyuta badala ya zile saa za mishale, na dada wa mapokezi alinivalisha koti la rubani akanipiga picha. Kifurushi chao ni 1,250,000 kwa saa 40 pamoja na masomo ya darasani. Nikilipa zote kabla ya mwisho wa mwezi wananipunguzia 150,000. Zimebaki siku kumi na moja.

Ya pili ni ya mzee mmoja mpole sana. Ana ndege moja, Cessna 152, na anatoza 17,500 kwa saa. Alinikaribisha chai, akanisimulia maisha yake, nikaondoka nikijihisi nimetoka kwa babu. Binamu yangu anayependa hesabu anasema hapo ndipo pa kwenda, kwa kuwa saa 40 ni 700,000 tu na nyingine inabaki benki.

Ya tatu nusura niifute. Wana Cessna 172 tatu za zamani, rangi imefifia, ofisi ni kontena. Saa moja ni 23,000 na unalipa kadiri unavyoruka. Niliomba safari ya majaribio ya nusu saa, nikachukua ruhusa kazini, nikalipa kwa M-Pesa. Mwalimu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, aliizunguka ndege akiigusagusa kila mahali, tukapanda, akawasha, tukaenda hadi karibu na njia ya kurukia. Hapo akasimama, akapandisha injini, akazungusha ufunguo upande mmoja kisha upande wa pili. Ndege ikatetemeka kama matatu kuukuu. Akakivuta kidogo kifundo fulani chekundu, akasubiri, akajaribu tena. Ikatetemeka tena. Akasema kwenye redio kwamba tunarudi. Alipozima injini akaandika kwenye kitabu, akaniambia, "Leo haturuki na hii." Zile mbili nyingine zilikuwa angani na wanafunzi. Pesa walinirudishia yote, lakini siku yangu ya ruhusa iliishia hapo. Kama ndege yao haiwezi hata kuondoka chini, nitawaaminije?

Kaka wa rafiki yangu alilipa shule fulani pesa zote mwanzoni. Akaruka saa 14, kisha ndege zikaanza kuwa "kwa fundi". Imepita miezi tisa sasa na simu zake hazishikwi. Mama naye, tangu ile ajali ya ndege ya mafunzo ya Machi 2024, hataki hata kusikia. Na binamu anasema kwa kuwa navaa miwani najisumbua bure.

Nafanya kazi siku sita kwa wiki. Nina nafasi Jumatano kuanzia saa nane mchana, na Jumapili baada ya kanisa.

Mjomba, wewe umefundisha pale miaka mingi. Nilipe shule ya kwanza kabla mwezi haujaisha, au nimfuate mzee?

Mpwa wako,
Mfamasia wa Ngara

* * *

Marahaba, mpwa wangu.

Kwanza, usilipe mtu yeyote wiki hii. Tarehe ya mwisho wa mwezi ni ya muuzaji, na Wilson haihami. Pili, nivumilie nianzie mahali ambapo hukunitarajia, kwenye mstari ulioupita mbio kuliko yote katika barua yako: Jumatano saa nane mchana, na Jumapili baada ya kanisa.

Nimefundisha pale miaka 19. Wengi niliowaona wakiachia njiani hawakuishiwa pesa kwanza. Waliishiwa mfululizo, kisha pesa ikafuata. Urubani hukaa mikononi na miguuni kabla haujatulia kichwani, na mikono husahau upesi. Mwanafunzi akikaa wiki tatu bila kuruka, somo linalofuata huwa la kurudia lililopita. Anatua vibaya, anajikasirikia, anarudi nyumbani akidhani hana kipaji, kumbe ana pengo la wiki tatu tu. Kitu kimoja anakilipia mara mbili, na hakuna risiti itakayomwonyesha hilo.

Sheria inataka angalau saa 40 kwa leseni ya binafsi. Ndani yake ziwemo saa 10 za kuruka peke yako, na safari moja ndefu ya kilomita 270 au zaidi ambayo njiani unatua katika viwanja viwili tofauti. Hizo 40 ni kiwango cha chini. Wanafunzi wangu walioruka mara mbili au tatu kwa wiki walimaliza kwa saa 45, wengine 50. Waliokuja mara moja kwa wiki mbili walifika 60 na kupita. Mpelekee binamu yako hesabu hii: saa 62 kwa mzee ni 1,085,000. Saa 46 kwa wale wa kontena ni 1,058,000. Bei ya saa moja haikwambii leseni itakugharimu ngapi. Kinachokwambia ni mara ngapi kwa wiki utaruka kweli, ndege ikiwepo, mwalimu akiwepo, na hali ya hewa ikikubali.

Sasa uitazame Jumatano yako kwa jicho hilo. Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 25, hewa ya pale inakuwa nyepesi kana kwamba uwanja umepandishwa hadi futi 8,000 hivi. Injini ya kawaida ya ndege hizi hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Cessna 152 ina nguvu za farasi 110 ikiwa usawa wa bahari. Katika hewa ile inabaki na kama 84, na bado inatakiwa kuwabeba watu wazima wawili na mafuta. Itaruka, ndiyo, lakini itakimbia mbali kabla ya kunyanyuka, na itapanda ikisitasita. Cessna 172, ambazo nyingi huwa na farasi 160 au 180, nazo huumia, ila zinakuachia nafasi zaidi ya kukosea. Na mwanafunzi lazima akosee.

Halafu mchana ardhi ya Mbuga ya Nairobi na ya Kajiado inakuwa imechemka, na hewa inayopanda huirusharusha ndege ndogo. Unayejifunza kushika mwinuko mmoja huwezi kujua kama kosa ni lako au ni la hewa. Miezi ya mvua, mawingu ya radi hujijenga kuanzia mchana huohuo. Asubuhi ndiyo yenye utulivu. Julai na Agosti zina shida yake: wingu la chini huufunika mji na huenda lisiinuke hadi saa nne au saa tano, kwa hiyo hata asubuhi zenyewe unazihitaji nyingi, ili ukiikosa moja usiwe umekosa mwezi mzima.

Ndiyo maana mtu wa kwanza wa kwenda kuzungumza naye ni mwajiri wako. Mwombe akubadilishie zamu upate asubuhi mbili kwa wiki, kwa miezi mitano. Fanya kazi za jioni. Mwenzako anayependa kulala asubuhi atakubali kubadilishana. Ikishindikana kabisa, ningependa usubiri, uendelee kuweka akiba, uanze utakapopata likizo ndefu. Najua si jibu ulilotaka, lakini nimewaona wengi waliomaliza pesa zao kwa Jumatano mchana.

Tuje kwa mzee. Namheshimu bila kumjua. Nami nilianza kwa mtu kama yeye. Alikuwa na ndege moja, alinifundisha kutua kuliko yeyote aliyenifundisha baadaye, na hadi leo nikiikaribia njia ya kurukia naisikia sauti yake ikiniambia niache kuishikilia ndege kwa nguvu. Nilikuwa na saa 19 injini ilipofika muda wake wa kufunguliwa yote. Vipuri vilitoka nje. Nilikaa miezi 14. Niliporudi nilianza karibu upya, na pesa ya kuanza upya niliikopa kwa baba mdogo aliyekuwa anasomesha watoto wake. Hilo deni liliniuma kuliko kusubiri kwenyewe.

Ndege moja haidanganyi, ila huwa inapumzika. Ndege ya mafunzo hukaguliwa kila baada ya saa 100 za kuruka, na ikiruka saa tatu kwa siku inazifikia kama kwa mwezi mmoja. Hapo inaingia hanga, kwa siku chache mambo yakiwa mazuri, kwa wiki fundi akikuta ufa. Shule yenye ndege tatu hukuhamishia kwenye nyingine. Ya ndege moja hukwambia pole. Ukimpenda mzee, na naona umempenda, mtumie kwa jambo ambalo halitegemei ndege yake: mwombe akufundishe masomo ya darasani, hali ya hewa, sheria za anga, kusoma ramani. Watu wa umri wake huvieleza vitu hivyo kwa mifano ya mahali, si kwa kukariri.

Shule ya kwanza sitaki kuisema vibaya. Skrini si dhambi, na ofisi safi si dhambi. Ninachokipinga ni pesa yako yote kuhama mfukoni mwako kabla magurudumu hayajaondoka chini. Piga hesabu pamoja nami. Ukilipa 1,100,000 sasa unabaki na 50,000. Umenunua saa 40 ambazo huenda zisikutoshe. Wao hutoza 25,000 kwa saa ya ziada, kwa makadirio yangu, maana masomo ya darasani hayawezi kuwa yamechukua zaidi ya 250,000 katika kifurushi hicho, waulize. Ukihitaji saa 12 zaidi ni 300,000, nawe una pesa ya saa mbili. Hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kuruka mara moja kwa mwezi, mshahara ukiingia, na lile pengo nililokwambia linarudi.

La pili ni baya zaidi. Shule iliyokwisha kupokea pesa yako haina haraka nawe. Anayelipa leo ndiye atakayepangiwa ndege leo. Kaka wa rafiki yako analijua hilo, na nasikitika alivyolijua. Awaandikie barua rasmi ya kudai saa zake zilizobaki au pesa zake, aambatanishe stakabadhi na daftari lake la saa, na nakala aipeleke kwa wakili. Simu hazimsaidii tena.

Wewe lipa kila ukiruka. Shule ikisisitiza amana, usiweke zaidi ya saa tano kwa wakati mmoja. Ukiruka mara mbili kwa wiki, saa moja na dakika kumi au zaidi kidogo kila mara, ni kama saa mbili na nusu kwa wiki. Kwa 23,000 ni 57,500 kila wiki, na ndani ya wiki 20 una saa 50 na umetumia 1,150,000, yaani akiba yako yote. Zile 30,000 unazoongeza kila mwezi zitakuwa zimefika 150,000 kwa wakati huo, nazo ndizo za mitihani, vitabu, ramani, ada za kutua, vipokea sauti vya masikioni na mtahini wa mwisho. Ni pesa inayobana. Ukiweza kungoja miezi minne zaidi kabla ya kuanza, utaruka moyo ukiwa umetulia.

Na uulize saa inahesabiwa vipi. Kuna wanaohesabu tangu injini inapowaka, kuna wanaohesabu tangu ndege inaponyanyuka. Pale Wilson asubuhi unaweza kusimama dakika kumi nyuma ya foleni ya ndege za Maasai Mara, propela ikizunguka na pesa ikizunguka nayo. Shule mbili zenye bei moja zinaweza kutofautiana sana kwa hilo tu.

Sasa shule ya tatu, ile uliyotaka kuifuta.

Nimeisoma mara tatu hiyo aya yako. Hebu nikueleze ulichokiona, maana ulikaa karibu mno kukiona vizuri. Kila silinda ya injini ile ina plagi mbili, na kila plagi inapata cheche kutoka magneto yake, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa cheche injini ikizunguka. Ni mifumo miwili inayojitegemea, ili mmoja ukifa angani mwingine ukurudishe nyumbani. Kabla ya kuruka, rubani hupandisha injini hadi mizunguko kama 1,700 kwa dakika, kisha kwa ufunguo ule anazima magneto moja, anasikiliza, anairudisha, anazima nyingine. Mizunguko ikishuka kidogo ni kawaida. Injini ikitetemeka kuna plagi iliyoshika uchafu, au magneto yenyewe ina hitilafu. Kwenye mwinuko wetu plagi hushika masizi haraka, kwa sababu hewa ni nyepesi na mafuta yanakuwa mengi kuliko inavyotakiwa. Ndiyo kazi ya kile kifundo chekundu: kinapunguza mafuta, injini inachemka kidogo, masizi yanaungua. Mara nyingi hilo latosha. Alijaribu, halikutosha, akarudi.

Fikiria aliyafanya hayo lini. Mbele ya mteja mpya, aliyekwisha kulipa, aliyechukua ruhusa kazini. Injini ile ingewaruhusu kuruka. Ingetetemeka ukaambiwa ni kawaida, nawe usingejua, ungepiga picha zako juu ya Milima ya Ngong na kuisifia shule kwa marafiki. Yule mama alichagua kukuudhi. Mpwa wangu, mwalimu wa namna hiyo hufundisha hata akiwa kimya. Mwanafunzi wake, siku akiwa peke yake na ndege ikatetemeka, atarudi pia, kwa sababu alimwona mtu mzima akirudi bila kuona haya.

Na zile nyingine mbili zilikuwa angani, asubuhi ya kazi, zikiwa na wanafunzi. Je, ndege nne za shule ya kwanza uliziona zikiondoka, au uliziona zimepangwa?

Usichukue neno langu tu. Chagua asubuhi mbili, ukae mahali unapoziona ndege za shule hiyo kuanzia saa moja hadi saa tano, uhesabu ni mara ngapi zimetoka. Wanafunzi wakitoka langoni, wa kuwauliza ni wale ambao ofisi haikukuchagulia: alianza lini, ana saa ngapi, amebadilishiwa walimu mara ngapi. Hili la walimu ni kubwa. Vijana wengi hufundisha ili wapate saa za kuombea kazi ya kurusha Caravan, zile ndege ndogo za abiria, na kazi ikipatikana Jumatatu, Jumanne huna mwalimu. Siwalaumu, nami nilikuwa mmoja wao kabla sijagundua kwamba napenda kufundisha. Yule mama wa makamo huenda yupo pale kwa kupenda. Muulize waziwazi kama atakuwepo hadi umalize.

Ofisini omba kuona cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya kinachowaruhusu kutoa mafunzo ya leseni unayoitaka, na uangalie tarehe. Omba kuona bima, na uulize kama inamlinda mwanafunzi akiruka peke yake na ni kiasi gani utakachotoa wewe mwenyewe ndege ikiharibika. Asiyetaka kukuonyesha karatasi hizo, muage kwa heshima.

Miwani isikusumbue. Kwa leseni ya binafsi unahitaji cheti cha afya cha daraja la pili, kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka hiyohiyo, na kinachopimwa ni unavyoona ukiwa umeivaa. Utapimwa pia kutofautisha rangi. Nenda kwa daktari huyo kabla hujalipa shilingi moja ya mafunzo, na ununue jozi ya pili, maana utatakiwa kuwa nayo kila ukiruka.

Kwa mama nenda polepole.

Tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo na ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imetoka Wilson kwenda Diani ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi. Ya abiria ilirudi ikatua salama. Wawili waliokuwa kwenye Cessna, mwalimu na mwanafunzi, walifariki. Anga ile ndiyo niliyofundishia. Siku hiyo sikuweza kula. Kwa hiyo usimwambie mama kwamba anaogopa bure, kwa sababu haogopi bure. Wilson huchanganya katika anga moja ndogo wanafunzi wanaojifunza kutua na ndege za abiria zinazowahi pwani na mbugani. Nenda katika kila shule umuulize mwalimu mkuu swali moja: tangu siku ile, mmebadilisha nini? Anayejibu kwa mambo, kwamba saketi, ile mizunguko ya kupaa na kutua kuuzunguka uwanja, wanazifanya saa hizi na si zile, kwamba mazoezi ya kutua wameyahamishia viwanja vidogo vya Kajiado, kwamba mwanafunzi haruki peke yake hadi asikie redio vizuri na aeleze kila ndege iko wapi, huyo amekosa usingizi akiliwaza jambo hilo. Anayekwambia usijali, hajaliwaza.

Kisha mchukue mama siku moja asubuhi mapema, si kuruka, kutazama tu. Msimamishe kando ya bawa mwalimu akichota mafuta kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Mafuta yale ni ya samawati. Asubuhi moja ya Mei, baada ya mvua ya usiku kucha, mwanafunzi wangu alichota akakiinua kikombe kwenye mwanga, na chini kabisa, chini ya ule usamawati, palikuwa na tone lisilo na rangi, dogo kama punje ya dengu. Maji. Mfuniko wa tangi ulikuwa haukufungika sawasawa. Tulichota, tukamwaga, tukachota, mara saba, hadi kikombe kikawa cha rangi moja, kisha tukamwita fundi, na asubuhi ile hatukuruka. Mwanafunzi yule alikuwa kijana wa miaka 20 na mikono ilimtetemeka akikishika kile kikombe. Mama yako hatatulizwa na maneno yako wala yangu. Huenda akatulizwa akiona kazi ikifanywa na mtu asiye na haraka. Asipotulia, mpe muda, usimfiche. Siku utakayoruka peke yako mara ya kwanza utataka kumpigia simu yeye kabla ya mtu mwingine.

Ukishapata zamu zako na cheti cha daktari, rudi kwenye lile kontena. Mwambie mwalimu wewe ndiye uliyerudishwa chini siku ile, umwombe akuonyeshe ukurasa wa ndege ile kwenye kitabu chake. Utauona mwandiko wake, tarehe, na hitilafu aliyoiandika. Chini yake pawe na mwandiko wa fundi: plagi ya silinda ipi ilitolewa, ikasafishwa au ikabadilishwa, na sahihi. Ukiukuta, lipa saa moja na uruke naye. Usipoukuta, niandikie tena kabla hujalipa popote.

Mjomba wako